Alama Saba kwa Shairi Langu

Nilifeli shairi langu mwenyewe siku ya Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, katika bwalo la shule moja ya upili mjini Ruiru. Nilipata alama saba kwa ishirini. Aliyenisahihisha ni mwanamume niliyemtungia shairi lenyewe.

Tulikuwa walimu thelathini wa Kiswahili kutoka shule za Thika na Ruiru, tumeitwa kusahihisha mtihani wa mwigo wa kidato cha nne. Kazi hii ina desturi yake. Kabla mwongozo wa kusahihisha haujafunguliwa, kila mwalimu anajibu karatasi mwenyewe kama mtahiniwa. Anaandika nambari badala ya jina, kisha aliyetunga swali anazikusanya na kuzisahihisha. Wanasema inatupunguzia majivuno, na walimu wa Kiswahili hatujapungukiwa na majivuno.

Mimi nilikuwa nambari kumi na nne. Waceke, tunayefundisha naye shule moja huko Thika, alikuwa kumi na tano. Kabla sijashika kalamu, simu yangu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Gachau.

"Sasa babe. Usisahau kucha za miguu, paka orange. Jumamosi nisipokujua nitapigwa faini na wazee wenu."

Nilitabasamu, maana Gachau si mtu mbaya. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika, anaongea pole pole, na Jumamosi hiyo watu wake walikuwa wanakuja nyumbani kwetu Makongeni kwa ruracio, kuleta mahari. Siku kama hiyo msichana hufichwa kati ya dada na binamu zake, wote wamegubikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, na mwanamume anatakiwa aseme yupi ni wake. Akishika mwingine anachekwa na kijiji kizima, na faini juu. Kwa hiyo Gachau alitaka kucha za rangi ya chungwa. Niliona ni utani wa kawaida.

"Swali la nane ni ushairi," Waceke alininong'onezea. "Na ni shairi huru. Aki Mungu anihurumie."

Nilifungua ukurasa.

*Huku kumenyesha tangu asubuhi.*
*Nimefua tena shati lako, safi vile vile,*
*ili nipate cha kuanika.*

*Usiniambie uko mbali.*
*Mbali si jangwani.*
*Mbali ni pale nisipojua*
*umekula nini leo.*

*Ukirudi, usipige simu,*
*usibishe.*
*Mlango unakujua.*

Chini yake waliandika: *Mshairi hajulikani.*

Damu ilinipanda hadi masikioni. Nililiandika shairi lile kwenye simu, nimeketi kitandani katika chumba changu cha kupanga kule Landless, mvua ikipiga mabati. Nilimtumia mtu mmoja tu duniani. Hata mama hakuwahi kuliona. Tena mtu huyo alikuwa amelichezea, kwa sababu mimi sikuandika jangwani. Mimi niliandika Lodwar.

Mtu huyo ni Wamalwa. Alihamishiwa Lodwar, kule Turkana, kufundisha mwaka ule tulipokuwa tumeanza kuzungumzia kuoana. Alinipigia simu kila jioni kwa miaka miwili. Nilijua amekula nini, nani kamkasirisha, na mbuzi wa jirani ameingia darasani mara ngapi. Kisha Desemba iliyopita akanyamaza. Nikipiga, hapatikani. Nikafikiri amekufa. Mnamo Machi nilipiga simu shuleni kwake na karani akaniambia kwa sauti ya furaha, "Mwalimu Wamalwa? Alipata uhamisho zamani, Madam. Siku hizi yuko Ruiru."

Ruiru! Kutoka kwetu ni nusu saa barabara ikiwa wazi. Mtu aliyekuwa ananipata kutoka Lodwar alishindwa kunipata kutoka Ruiru. Nililia wiki moja, nikanawa uso, na Gachau aliponiomba mara ya pili nikamwambia sawa.

Sasa nikainua kichwa na kumwona mbele ya bwalo, amesimama kando ya Mwalimu Mwangangi, msimamizi wetu. Alikuwa amekonda. Shati la samawati, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko kama kawaida yake. Aliniona pia. Macho yetu yalikutana kwa muda mfupi, na nasema ukweli wangu, moyo uliruka kama mjinga. Kisha akaangalia pembeni kama mtu aliyemwona anayemdai.

Nikajibu swali la nane. Niliandika kwa hasira, lakini pia kwa uhakika. Nani angenishinda shairi langu?

Karatasi ziliporudi, yangu ilikuwa imejaa wino mwekundu. *Nafsineni ni mwanamke anayempenda mtu aliye mbali*: sufuri. *Toni ya shairi ni ya hamu*: sufuri. *Anafua shati safi kwa sababu amemkosa mwenyewe*: sufuri, na pembeni ameandika, "Soma kwa makini!" Alama nilizopata zilikuwa za tashihisi katika mlango, za takriri, na za kuandika ubeti wa pili kwa lugha ya nathari.

Nilinyosha mkono.

"Nambari kumi na nne ana swali," Mwalimu Mwangangi alisema.

"Ninayo mengi, Mwalimu. Tuanze na nafsineni, huyu anayesema ndani ya shairi. Naomba kusomewa mwongozo unasema nini."

Wamalwa alikohoa. Alisoma bila kuinua macho. "Nafsineni ni mwanamke mnafiki anayejifanya kungoja. Alama mbili."

"Ushahidi uko wapi?"

"Mshororo wa pili. Anafua shati ambalo tayari ni safi. Shati safi halihitaji kufuliwa, Madam, isipokuwa mtu anataka kuondoa harufu ya mwenyewe ndani ya nyumba."

Watu walicheka. Nilihisi kicheko kile mgongoni.

"Mimi pia niliandika anampenda," Waceke alisema. "Nimepewa sufuri vilevile. Si huyu mama anataka tu kujua mtu amekula nini? Unafiki uko wapi hapo?"

"Ni kejeli," Wamalwa alisema. "Anayesema *usipige simu* hataki kupigiwa simu. Anasema mlango unakujua, lakini ukifika unakuta nyumba ina wageni."

"Wageni wako mshororo wa ngapi?" niliuliza.

Aligeuza ukurasa wa mwongozo.

"Nauliza, Mwalimu, kwa sababu nimehesabu mishororo kumi na sijaona mgeni hata mmoja. Ama watahiniwa wetu wanatakiwa kujibu mambo yaliyo kichwani mwa mtungaji wa swali?"

"Madam," Mwalimu Mwangangi aliingilia kwa upole, "hapa tunatafuta tu mwafaka. Mshairi alikusudia nini hatuwezi kujua. Hayuko hapa tumuulize."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka peke yangu mbele ya walimu thelathini hadi Waceke akanifinya paja.

"Twendeni chai kwanza," Mwangangi alisema haraka. "Tukirudi tutaangalia hiyo nafsineni upya."

Walitoka wakifuata harufu ya mandazi. Waceke alinitazama, akamtazama Wamalwa aliyekuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa, akaelewa. "Nitakuletea lako," alisema, akaenda.

Nilienda hadi mezani kwake nikaitupa karatasi yangu mbele yake.

"Umenipa saba."

"Sikujua ni wewe. Ilikuwa nambari."

"Huujui mwandiko wangu?"

"Uliandika kwa herufi kubwa."

"Na shairi? Pia hukujua ni la nani?"

Hapo akainua macho. Nilikuwa nimesahau jinsi yalivyo. Nilichukia kwamba nilikuwa bado nakumbuka kuyapenda.

"Hilo nilijua," alisema.

"Wamalwa, kitu niliandika nikiwa kitandani, nikikulilia, umewawekea watoto wa shule mia ngapi sijui wakichambue? Uliomba nani? Na ukatoa Lodwar ukaweka jangwani! Uliona aibu?"

"Watahiniwa wangeuliza kwa nini Lodwar."

"Usiniletee watahiniwa. Kwa nini ulifanya hivyo?"

Aliivua miwani akaipangusa kwa ncha ya shati. "Unataka ukweli? Nilitaka watu wengi walisome, na wote waandike kwamba yule mwanamke alikuwa anadanganya. Nilichoka kulijua peke yangu."

"Nilikudanganya nini?"

"Warigia, please."

"Nilikudanganya nini?" Nilikuwa nimepaza sauti. Mpishi mmoja alichungulia dirishani akaondoka.

"Hongera ya ndoa," alisema. "Nilitakiwa nikwambie Desemba. Ni hayo tu."

"Ndoa gani?"

"Wacha, bana. Nilikuwa hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenu! Makongeni!" Sasa yeye ndiye aliyepaza sauti. "Nilipata barua ya uhamisho Ijumaa. Nikasema sitampigia, si yeye mwenyewe aliandika nisipige simu? Nikasema nitafika tu. Nikasafiri usiku wote, mchana wote. Nikafika kwako Landless mlango una kufuli. Jirani akaniambia uko kwa mama. Nikaja. Nakuta hema, magari, mbuzi wamefungwa getini. Nikauliza mzee mmoja, hii ni shughuli gani? Akasema ni ruracio ya msichana wa hapa."

"Msichana wa hapa ni nani?"

"Wewe!"

"Na mdogo wangu Wanja ni wa wapi? Aliokotwa?"

Aliiweka miwani mezani.

"Ilikuwa ya Wanja, Wamalwa. Wanja ndiye aliolewa Desemba. Yangu ni keshokutwa. Jumamosi hii."

Aliketi. Alitazama mikono yake, akanitazama mimi, akatazama mikono tena.

"Hapana," alisema. "Nilikuona. Mlitoka nyumbani mmefunikwa leso, wanawake wakiimba. Ulinieleza mwenyewe hiyo desturi yenu, anayefunikwa ndiye anayechukuliwa. Mlikuwa sita. Wewe ulikuwa wa tatu."

"Nilikueleza nusu ukasikia robo! Dada zake wote hufunikwa. Hiyo ndiyo maana yake, mwanaume achanganyikiwe." Kisha maneno yake yakanifikia vizuri, nikapunguza sauti. "Ulijuaje mimi ni wa tatu?"

"Nilijua tu."

"Ulijuaje? Tulikuwa tumefunikwa kila kitu. Hata mama alituchanganya."

"Mkono wako." Aliunyosha wake wa kushoto mbele, mgongo wa kiganja ukitangulia, vidole vimekunjwa kidogo. "Stima zikipotea pale kwako ulikuwa unatembea hivi, unatafuta ukuta kwa mgongo wa mkono. Ile leso ya tatu ilikuwa imevimba upande wa kushoto. Nikasema huyo ni Warigia. Yule mwanaume wa suti akacheka akaja upande wenu, nikasema siwezi kuona akimshika. Nikageuka."

Nilivuta kiti nikaketi. Niliikumbuka siku ile. Nilikumbuka nikipapasa hewa chini ya leso, nikiogopa kujikwaa kwenye kamba za hema. Mtu alikuwa amesimama getini akinitazama, naye alikuwa ndiye.

"Ungeniita," nilisema. "Ungesema jina langu tu."

"Mbele ya wazee wenu? Mluhya mmoja na begi lake la vumbi?" Alitikisa kichwa. "Hata mama yako aliniona. Nilimpa samaki wako nikaenda."

"Samaki gani?"

"Wa Turkana. Waliokaushwa. Nilikuwa nimekuahidi, hukumbuki? Walikuwa ndani ya gunia la sukari, limefungwa kwa kamba ya bluu. Alikuja getini akasema, 'Asante, mwanangu, lakini leo tuna wageni.' Akachukua."

Ngai.

Mama yangu hali samaki. Anasema wananukisha sufuria. Lakini Desemba ile, Jumatatu baada ya sherehe ya Wanja, nilikuta samaki wakavu wanachemka kwenye nazi jikoni kwake. Aliniambia wametoka kwa Mama Apiyo, jirani yetu. Nilikula siku nne mfululizo, nikilamba vidole, na mama ameketi hapo ananitazama. Siku ya mwisho aliniuliza, "Ni watamu, maitu?" Huniita hivyo, 'mama', akinibembeleza. Nikamjibu ni watamu sana. Alikuwa amekwisha kuniambia siku nyingi kwamba watu wa Bungoma, kwao Wamalwa, wangenipeleka huko nisionekane tena, na kwamba yeye hakuzaa watoto wa kuwaona kwenye simu. Nilidhani amekubali yaishe. Na yeye, kumbe, aliyamaliza kwa kijiko, akinilisha zawadi ya Wamalwa bila kumtaja.

Kamba ya bluu bado inaning'inia nyuma ya mlango wake. Tunaanikia taulo za jikoni.

"Warigia," Wamalwa alisema. "Sikujua. Naapa sikujua."

Hapo nilipaswa kulia. Katika hadithi nyingine mwanamke angelia na mwanamume angemfuta machozi. Mimi hasira ilinipanda upya, tena sasa ilikuwa imepata miguu ya kusimamia.

"Hukujua kwa sababu hukuuliza! Ulinifungia simu miezi minane. Nilifikiri umekufa, unaelewa? Nilikuwa nasoma majina ya ajali za barabarani. Mama alinificha samaki walikotoka, sawa, nitaongea naye leo. Lakini wewe ulijificha mzima. Ulikaa hapa nusu saa kutoka kwangu, ukachukua shairi langu ukatunga swali!"

"Niliumia."

"Mimi nilicheza dansi?"

"Nilikuona umefunikwa..."

"Ulinijua chini ya leso, Wamalwa. Leso nzito, umbali wa geti na hema. Na mistari kumi niliyokuandikia wazi, bila kufunika chochote, ukashindwa kuniona."

Alifunika uso kwa viganja. Nilimpenda pale pale, nisifiche, na nilitaka kumpiga na rundo la karatasi kichwani. Vyote viwili vilikuwa kweli na hakuna kilichopunguza kingine.

"Shati langu uliliweka wapi?" aliuliza kutoka nyuma ya mikono.

"Nililikata nikafanya tambara la ubao."

Nilidanganya. Liko kwenye kabati, rafu ya juu, na nimelifua mara nne tangu Desemba.

"Huyo mtu wa Jumamosi," alisema. "Unampenda?"

"Nikimpigia anashika."

"Sijauliza hivyo."

"Na huna haki ya kuuliza."

Nje kengele ya mwisho wa chai iligongwa. Nilisikia sauti ya Waceke ikikaribia, akizungumza kwa nguvu makusudi ili tujue anakuja. Wamalwa alisimama haraka akanishika kifundo cha mkono, ule wa kushoto.

"Nitakuja Jumamosi," alisema.

"Kufanya nini? Kusimama getini na gunia lingine?"

"Niambie nifanye nini, nitafanya."

Nilitoa mkono wangu. Nilichukua kalamu yake nyekundu iliyonipa saba, nikaivuta karatasi ya maswali. Nilikata neno *jangwani*, nikaandika *Lodwar* juu yake kwa herufi kubwa. Kisha nikashuka hadi ubeti wa mwisho. *Usipige simu, usibishe.* Nilikata mishororo yote miwili hadi karatasi ikatoboka. Badala yake niliandika neno moja: *Bisha.*

"Mshairi amepatikana," nilimwambia, nikamsukumia. "Hilo ndilo toleo jipya. Mwongozo wako urekebishe."

"Hiyo inamaanisha nije?"

"Soma kwa makini."

Nilichukua mkoba. Waceke alikuwa mlangoni ameshika andazi langu kwenye kitambaa cha karatasi, macho yamemtoka. Mwalimu Mwangangi alikuwa nyuma yake. "Madam, tunaendelea na nafsineni," alisema. Nikamwambia nafsineni ana shughuli Makongeni na mama yake, nikapita.

Nilitembea hadi stejini jua likinichoma utosi. Mawazo yalikuwa kwa mama, nitaanzaje, na kama nitaikata ile kamba ya bluu kwanza au nitaongea kwanza. Nilikuwa na hasira na watu wawili niliowapenda. Wa tatu alikuwa hajanikosea kitu, naye ndiye niliyekuwa nimemwahidi Jumamosi.

Simu ilitetemeka tena. Gachau alikuwa ametuma picha ya chupa ndogo ya rangi ya kucha, akiishikilia mbele ya rafu za misumari na kufuli dukani kwake. "Nimekununulia hii. Iko sawa?"

Niliikuza picha ile. Kidole gumba chake kilikuwa na simenti. Alikuwa amekwenda mwenyewe akanunua rangi ya kucha, mwanamume mzima, na watu dukani wakimtazama. Nilimwonea huruma, na nikajua kwamba huruma haikutakiwa kuwa ndiyo ninayoihisi siku mbili kabla ya ruracio yangu.

Nikamwandikia: "Asante Gachau. Lakini sitapaka. Wala sitakohoa, wala Wanja hatakukonyeza. Nitatoka nimefunikwa kama wengine, unitafute mwenyewe."

Alama mbili za samawati zilitokea, amesoma. Aliandika, akaacha, akaandika tena. Magari mawili ya Thika yalijaa yakaondoka bila mimi. Kisha jibu likaingia.

"Sasa nitakujuaje?"